Kamera ya Rivasi Ndani ya Ndia Kuu

Leo tuziweke kando lugha za programu, hifadhidata na mengineyo. Nataka tuzungumze juu ya kidude kilicho nyuma ya magari mengi yanayoshushwa Kilindini siku hizi: kamera ya rivasi. Unaweka gia ya nyuma, skrini inawaka, unaona bampa, lami na mistari ya kijani, manjano na nyekundu. Raha kabisa! Wengine wameshaacha hata kugeuza shingo.

Hapo kwenye shingo ndipo penye neno. Sisi tunaoandika programu tuna swali moja tunaloliuliza kabla ya kusifu au kulaumu chombo chochote: kilitengenezwa kutatua tatizo la nani? Programu ya duka ukiipeleka hospitalini itafanya kazi vizuri sana... ya duka. Kamera ya rivasi ni hivyo hivyo. Ilijibu swali lililoulizwa mbali na hapa, na ililijibu vizuri. Lakini mitaa ya Mji wa Kale ina swali lake, la zamani kuliko magari yenyewe. Tuanze na hilo.

SIMILE!

Ndia Kuu, kama jina lake la Kimvita linavyosema, ndiyo njia kubwa. Mgeni akifika hucheka: kubwa vipi hii? Ni kubwa kwa kipimo cha waliokuwa wakiitumia: watu wa miguu, punda, na hamali mwenye gunia begani. Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Nyumba nyingi tunazoziona sasa, zenye milango ya nakshi na roshani za mbao, ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Hakuna aliyepima upana wa mitaa hii akiwa na Probox akilini.

Sasa, watu walikuwa hawagongani vipi? Kwa sauti. Hamali aliyebeba mzigo haoni vizuri aendako, kwa hiyo alipaza sauti: "Simile! Simile!" yaani nipisheni. Husemwa kwamba neno lenyewe limetokana na Bismillahi. Aliyesikia alijibana ukutani au alipanda baraza, mzigo ukapita, safari ikaendelea.

Mwanakompyuta akiangalia jambo hili anaona itifaki, ile ile tunayoitumia kompyuta mbili zinapoongea: mmoja anatuma ombi, mwingine anajibu, na hakuna anayesogea kabla ya jibu. Jukumu liko kwa wote wawili. Hilo liwekeni akilini, tutalirudia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa hiki kilikuwa na vigari vya reli nyembamba. Abiria alikaa juu chini ya kivuli, na wanaume walimsukuma wakikimbia. Injini haikuwepo. Nyuma ya chombo palikuwa na watu wenye macho. Kisha yakaja malori, na lori lilikuja na taniboi. Dereva akitaka kurudi nyuma, taniboi aliruka chini akasimama mahali anapoonekana kwenye kioo: "Njoo, njoo, njoo... kata kulia... lete, lete... baaasi!" Halafu kofi moja zito kwenye bodi. Hata leo ukishinda kidogo pale Marikiti asubuhi utaisikia nyimbo hii.

Kwa hiyo kwa muda mrefu nyuma ya chombo palikuwa na binadamu. Gari dogo la mtu binafsi ndilo lililoondoa binadamu huyo. Historia ya vyombo vyote nitakavyovitaja hapa chini ni historia ya kujaribu kumrudisha taniboi bila kumlipa.

KIOO KINACHUKUA KAZI YA MTU

Mwaka 1909 dereva wa mashindano kutoka Uingereza, Dorothy Levitt, alitoa kitabu cha ushauri kwa wanawake wanaoendesha magari. Aliwaambia wabebe kioo kidogo cha mkono, wakiinue mara kwa mara kutazama nyuma. Kioo cha kujitazamia uso kikawa chombo cha barabarani!

Miaka miwili baadaye, 1911, yalifanyika mashindano ya kwanza ya maili 500 kule Indianapolis, Marekani. Magari mengi yalibeba watu wawili: dereva na fundi, na moja ya kazi za fundi ilikuwa kuangalia nani anakuja nyuma. Ray Harroun aliingia peke yake. Wenzake walipolalamika kwamba ni hatari, alifunga kioo juu ya dashibodi. Akashinda. Baadaye alisimulia kwamba barabara ya matofali ilikitikisa kioo mpaka hakuona kitu.

Kisa hiki kinachekesha lakini kina funzo. Chombo kilifungwa mahali pa mtu, wote wakaridhika kwa sababu chombo kipo, na hakuna aliyeuliza kama kinaonyesha kitu.

Vioo viliboreshwa, ndiyo. Lakini kioo cha ndani hupita kwenye dirisha la nyuma, na chini ya dirisha hilo kuna buti. Kitu kifupi kilicho karibu na bampa hakionekani kwenye kioo chochote. Mtoto wa miaka miwili ni kifupi.

SIMILE YA KIJAPANI

Japani walianza na sauti. Mwaka 1963 kampuni ya umeme ya Yamaguchi ilianza kutengeneza kengele ya rivasi, ule mlio wa "pii, pii, pii" unaojulikana dunia nzima. Baadaye malori ya Kijapani yalifungwa sauti ya kurekodi, mara nyingi ya mwanamke mpole: "Bakku shimasu..." Maana yake ni kwamba narudi nyuma, tafadhalini muangalie.

Malori hayo yalipochoka kwao yaliuzwa Afrika Mashariki na sauti zake zile zile. Mpaka leo lori linaweza kurudi nyuma mjini kwetu likiomba radhi kwa Kijapani. Hakuna anayeelewa neno hata moja, na watu wote wanapisha. Hiyo ni simile tu, imevaa kimono.

Tofauti ya kengele na kioo ni hii: kioo kinamwambia dereva, kengele inamwambia mpita njia. Shika hapo, maana kamera iko upande wa kioo.

PICHA INAINGIA NDANI YA GARI

Wazo la kamera ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1956 kampuni ya Buick ya Marekani ilionyesha gari la maonyesho liitwalo Centurion, lenye kamera ya televisheni nyuma na skrini ndogo kwenye dashibodi mahali pa kioo. Halikuuzwa kamwe. Mwaka 1972 Volvo wa Sweden nao walionyesha gari la majaribio ya usalama lenye kamera nyuma. Nalo halikufika dukani. Kamera za wakati huo zilikuwa kubwa, ghali, na zilihitaji umeme mwingi.

Kilichobadilisha mambo ni chipu. Mwaka 1969, katika maabara za Bell, Willard Boyle na George Smith walibuni CCD, kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa chaji za umeme (mwaka 2009 walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo). Mwaka 1991 Toyota waliuza Japani gari la Soarer likiwa na kamera ya CCD nyuma na skrini ya rangi mbele. Miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake, katika maabara ya JPL inayofanya kazi kwa shirika la anga la NASA, waliendeleza aina nyingine ya sensa, CMOS, iliyo rahisi zaidi kuitengeneza. Sensa hizo ndizo zilizoingia kwenye simu zetu, bei ikaporomoka, na kamera ikawa kitu cha kubandikwa juu ya namba pleti. Nissan Primera ya mwaka 2001 ilikuwa nayo. Mwaka 2007 Nissan hao hao wakaja na kamera 4 zinazoungwa kuwa picha moja kama unaitazama gari kutoka juu.

Mpaka hapo kamera ilikuwa pambo la gari ghali, la kusaidia kuegesha. Kilichoifanya kuwa chombo cha usalama ni kifo cha mtoto.

SHERIA YENYE JINA LA MTOTO

Oktoba 2002, jimbo la New York, daktari wa watoto alikuwa akirudisha gari lake kubwa nyumbani kwake usiku. Mtoto wake wa miaka miwili, Cameron Gulbransen, alikuwa nyuma ya gari. Baba hakumwona, na asingeweza kumwona kwa kioo chochote alichokuwa nacho. Mtoto alifariki.

Baba huyo na familia nyingine zilizofikwa na msiba kama wake walipigania sheria. Mwaka 2008 Rais George W. Bush aliitia saini, nayo ikaitwa kwa jina la Cameron. Kanuni yenyewe ilicheleweshwa mara kadhaa mpaka Machi 2014, na magari yote mapya madogo Marekani yakalazimika kuitimiza kufikia Mei 1, 2018. Umoja wa Ulaya na Japani nao waliweka masharti yao kuanzia 2022.

Sasa tusome kanuni ya Marekani kama tunavyosoma maelezo ya kazi kabla ya kuandika programu. Inadai nini hasa?

Kwanza, kamera ionyeshe eneo la futi 10 kwa futi 20 nyuma ya gari, yaani takriban mita 3 kwa mita 6. Pili, picha itokee ndani ya sekunde 2 tangu gia ya nyuma iwekwe. Tatu, upimaji hutumia silinda 7 zilizosimamishwa nyuma ya gari, kila moja na urefu wa karibu sentimita 80, kimo cha mtoto mdogo. Nne, mwanga wakati wa kupima uwe kati ya lux 7,000 na 10,000, na uwe umesambaa sawasawa kutoka juu.

Umeona picha inayojichora? Ni ua wa nyumba ya Marekani, mchana. Sakafu iko wazi. Mtoto amesimama. Dereva anatoka taratibu. Hilo ndilo swali, na kamera inalijibu. Shirika la serikali la usalama barabarani, NHTSA, lilikadiria kwamba magari yakirudi nyuma yalikuwa yakiua watu wapatao 210 kwa mwaka Marekani, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 70 na zaidi. Kisha lilikadiria kwamba kamera, siku magari yote yatakapokuwa nazo, zitaokoa watu kati ya 58 na 69 kila mwaka.

Rudia kusoma hapo. Kati ya 210, ni 58 hadi 69. Waliotunga kanuni wenyewe hawakuahidi zaidi ya theluthi. Roho hata moja ina thamani, na mimi naunga mkono sheria hiyo kwa mikono miwili. Lakini dereva anayedhani skrini imemaliza kazi anaiamini kamera kuliko walioilazimisha kwa sheria.

KUTOKA KILINDINI HADI KUZE

Kamera ilifikaje kwetu? Kwa meli. Kwa miaka mingi Kenya imeruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka 8, na mengi hutoka Japani kwa sababu usukani uko kulia kama wetu. Kwa hiyo teknolojia ya huko hutufikia ikiwa imechelewa miaka kadhaa, na maandishi ya Kijapani juu yake. Onyo la "tazama pande zote" mara nyingi liko pale pale kwenye skrini, ila limeandikwa kwa herufi tusizozisoma!

Wengine hufungiwa kamera na fundi wa umeme. Kamera ya bei nafuu hupata umeme kwenye waya wa taa ya rivasi, na waya mwingine hupeleka picha mbele. Kazi si ngumu, lakini ina mitego miwili. Kamera nyingi za aina hii zina kijiwaya kidogo cha kukata kinachoamua kama picha igeuzwe kama kioo au la. Kikikosewa, mtoto aliye kushoto utamwona kulia. Na mistari ile ya rangi huchorwa na kamera yenyewe, ambayo haijui imefungwa kimo gani wala imeinama kiasi gani. Mstari mwekundu hauna maana yoyote mpaka uupime kwa futi kamba.

TUIPIME KAMERA NDIA KUU

Sasa tuchukue kanuni ile tuilete hapa kwetu, kipengele kwa kipengele. Rivasi ya Mji wa Kale mara nyingi si ya kuegesha. Ni ya kupishana: magari mawili yamekutana, hakuna pa kugeuzia, mmoja arudi mpaka kwenye upenyo.

Upana. Mita 3 ni mita 1.5 kila upande kutoka katikati ya gari. Gari lenye upana wa mita 1.7 linabakiwa na kama sentimita 65 kila upande. Mtu hutembea karibu mita 1.4 kwa sekunde. Akitoka mlangoni au kichochoroni, atavuka sentimita hizo 65 kwa chini ya nusu sekunde. Kamera nyingi huona pana kuliko kanuni inavyodai, lakini hakuna lenzi inayoona kupitia ukuta wa matumbawe. Silinda za majaribio zimesimama. Watoto wa Kuze na Kibokoni wanakimbia.

Mwanga. Kanuni inataka mwanga uliosambaa sawasawa. Nenda mtaa mwembamba saa nane mchana: upande mmoja ukuta mweupe unaounguza macho, upande wa pili kivuli kizito. Sensa ya kamera haina uwezo wa jicho kuona vyote viwili kwa pamoja. Ikijirekebisha kwa ule ukuta, kivuli kinageuka weusi mtupu, na mtu aliyevaa buibui jeusi amesimama ndani ya weusi huo. Si dhana yangu. Mwaka 2014 taasisi ya IIHS, inayogharimiwa na makampuni ya bima ya Marekani, iliwapima madereva kwa sanamu bapa ya mtoto. Kamera ilisaidia kuliko vihisi vya mlio. Lakini sanamu ilipokuwa kivulini, karibu kila dereva aliigonga, kamera ikiwa inafanya kazi.

Muda. Mwendo wa kilomita 5 kwa saa, wa mtu anayetembea, ni mita 1.4 kwa sekunde. Sekunde mbili za kusubiri picha ni mita 2.8. Kama redio yako ni ile inayowaka polepole kama kompyuta kuukuu, unaweza kuwa umeshafika unakokwenda kabla haijaamka.

Kimo. Kamera iko chini na inatazama chini. Roshani ya mbao inayotokeza juu ya barabara haiioni, na paa la hiace au mzigo wa pikapu ndio utakaoikuta kwanza. Mistari nayo imelala ardhini. Mkokoteni uliobeba mabomba marefu utaonyesha magurudumu yake mbali, nje ya mstari mwekundu, huku ncha za mabomba ziko kwenye kioo chako. Ardhi ikipanda nyuma ya gari, vitu huonekana mbali kuliko vilivyo.

Pua. Ukikata usukani ukirudi nyuma, pembe ya mbele ya gari hupepea upande wa pili. Aliyeketi barazani hapo mbele hayumo kwenye picha kabisa.

Chumvi. Upepo wa bahari huacha utando kwenye lenzi, na masika huongeza matone na tope. Waya nao huchoka pale unapopita kwenye bawaba za buti. Usidhani ni magari yetu makuukuu tu. Desemba 2021 Tesla waliita magari zaidi ya 356,000 ya Model 3 kwa sababu kufungua na kufunga buti kuliweza kuharibu waya wa kamera. Januari 2024 waliita mengine yapatayo 200,000 kwa hitilafu ya programu iliyoweza kuzima picha wakati wa rivasi. Sisi watu wa programu tukae kimya kidogo hapo.

Sauti. Hili ndilo kubwa kwangu. Kamera inamwambia dereva, na mpita njia haimwambii kitu. Mzee aliye nyuma hajui kama umemwona. Nusu ya itifaki ya simile imepotea: tumebaki na mtazamaji, tumempoteza anayejibu.

LIKONI

Siwezi kuzungumzia gari kurudi nyuma Mombasa nikaruka siku hii. Jumapili, Septemba 29, 2019, gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni, likazama. Mama na binti yake wa miaka 4 walifariki. Wapiga mbizi walihangaika siku nyingi, na gari likatolewa Oktoba 11, wawili hao wakiwa ndani. Mji mzima ulikaa ufukweni ukisubiri.

Sina nia ya kumhukumu mtu yeyote kwa msiba ule. Nautaja kwa sababu unaonyesha mpaka wa kamera kuliko hesabu zangu zote. Picha haizuii gari. Kinachozuia gari lisirudi nyuma ni breki ya mkono, gia, kabari chini ya tairi na lango lililoinuliwa. Kamera ni jicho tu. Jicho halina mguu wa kukanyaga breki.

JINSI YA KUITUMIA

Haya, tufanye nini? Nimejiwekea utaratibu, nami nawapa kama ulivyo:

1. Kabla ya kuingia garini, zunguka nyuma kwa miguu. Hesabu watoto na paka, tazama juu kama kuna roshani au waya. Ukiwa hapo, futa lenzi kwa kitambaa laini chenye maji matamu. Usitumie mchanga wa kidole.

2. Weka gia ya nyuma, miguu ikibaki kwenye breki na klachi (kama ni otomatiki, breki peke yake). Usiachie mpaka picha itokee. Ikikawia, kawia nayo.

3. Macho yazunguke: skrini, kioo cha kushoto, kioo cha kulia, shingo nyuma, kisha skrini tena. Usikae popote zaidi ya sekunde moja au mbili.

4. Nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, au chini ya huo. Ukiona weusi mtupu kwenye picha, hesabu kwamba kuna mtu ndani yake.

5. Pima mistari yako. Egesha mahali tambarare, weka ndoo nyuma ya gari kwa mita 1, kisha 2, kisha 3, uone kila mara inaangukia mstari gani. Dakika kumi tu. Na mtu asimame upande mmoja ainue mkono, uhakikishe kushoto ni kushoto.

6. Buti au mlango wa nyuma ukiwa wazi, kamera iliyofungwa hapo inatazama kwingine. Funga kwanza.

7. Katika mtaa mwembamba, omba mtu. Kuna kijana, kuna mzee barazani, kuna muuza kahawa. Mwambie, "Ndugu yangu, niangalie hapo nyuma." Fungua dirisha, zima redio, umsikie. Akikupotea kwenye kioo, simama.

Namba 7 ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na haina betri. Teknolojia imetupa jicho la mtoto aliyesimama nyuma ya bampa, jicho ambalo baba wa Cameron hakuwa nalo. Tulishukuru na tulifute chumvi. Lakini swali la Ndia Kuu, la nani anatoka kichochoroni na kama amekusikia, lilijibiwa na watu waliosema simile, na bado linajibiwa na watu.

Aliye na gari lenye kamera, kesho asubuhi achukue ndoo na futi kamba. Matokeo yako yatakushangaza.

Mchana mwema, na rudini nyuma taratibu.